Ukuta Niliouvika Vitambaa vya Harusi

Kazi yangu ni kupamba. Nilimaliza kidato cha nne, nikakosa pa kuendelea, nikaanza kubeba viti kwa mtu aliyekuwa akikodisha vifaa vya sherehe, na mwisho nikawa na viti vyangu mwenyewe. Duka langu liko Mchafukoge, pembeni ya Kariakoo, chini ya ghorofa la zamani. Ndani yake kuna maturubai, mazulia mekundu na marobota ya vitambaa vyeupe na vya dhahabu. Nipe ukumbi wenye kuta zilizobanduka rangi, nami nitakurudishia ukumbi ambao bibi harusi akiingia anasahau hata kutembea. Nimeifanya kazi hiyo mpaka nimeota mvi, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza nyuma ya kitambaa kuna nini. Wanalipa ili wasiulize.

Nayaeleza haya mwanzoni kwa sababu kosa langu halikutokana na kutojua. Lilitokana na jambo ninalolijua kuliko yote.

Wazazi wa shule ya msingi ya mtaani kwetu ndio walionichagua niwe mwenyekiti wa kamati ya shule. Wakati ule nilidhani wamechagua busara yangu. Sasa nadhani walichagua viti vyangu, maana kila mahafali ya darasa la saba nilivileta bure. Shule yenyewe imebanwa na maghorofa ya stoo pande tatu, hata mgeni anaweza kupita nje asijue kama kuna watoto ndani, mpaka kengele ya mapumziko ilie. Jengo la darasa la kwanza na la pili ndilo kongwe kuliko yote. Ghorofa jipya lilipochimbiwa msingi nyuma ya uzio, jengo letu liliinama kidogo kama mtu anayetegea sikio maneno ya jirani, na ukuta wake ukapasuka kuanzia pembe ya dirisha hadi chini. Mwanzoni ufa ule uliingia kucha. Wakati ninaousimulia ulikuwa unaingia kiganja.

Mhandisi wa halmashauri alikuja, akachomeka kalamu yake kwenye ufa, ikadumbukia upande wa pili. Hakucheka. Alimwambia mwalimu mkuu mbele ya kamati kwamba masika yasilikute jengo lile na watu ndani. Kama fedha za kulijenga upya zingepatikana mapema, watoto wangebanana kwenye vyumba vingine kwa muda mfupi. Zisipopatikana, jengo litafungwa, na wadogo wote watahamishiwa shule ya jirani, ng'ambo ya Mtaa wa Msimbazi.

Asiyeujua Mtaa wa Msimbazi asubuhi afikirie hivi: mabasi ya mwendokasi katikati, na pembeni magari, bajaji, bodaboda zinazopita upande usio wao, na maguta ya magurudumu matatu yaliyopakia marobota mpaka mwendeshaji haonekani. Mwenye mzigo hakuoni. Anakupigia kelele umpishe, na kazi yako wewe ni kusikia na kuruka pembeni. Barabara ile inavukwa kwa masikio kuliko kwa macho.

Katika kamati yetu alikuwamo mama mmoja mwenye asili ya Kilimanjaro, anayeuza supu na chapati kwenye uchochoro wa shule tangu alfajiri. Binti yake alikuwa darasa la kwanza. Mtoto yule sikio moja halisikii kabisa, na la pili linasikia ukimsogelea karibu. Kwa shule yetu haikuwa shida. Alitoka kwenye benchi la mama yake, akafuata uchochoro usiopitwa na gari lolote, akaingia getini, na mama alimwona njia nzima huku akipakua supu. Saa ile ndiyo saa ya wateja wake, wabeba mizigo na wafungua maduka, na asiyepakua saa ile siku yake imekwisha. Kwa hiyo mhandisi alipotamka neno "ng'ambo," sisi wengine tulisikia usumbufu. Yeye alisikia gari.

Fedha za haraka zilikuwa mahali pamoja tu, kwenye mfuko wa jimbo, ambao mbunge na kamati yake huugawa kwa miradi ya wananchi. Bajeti ya halmashauri ilikuwapo pia, lakini hiyo ni ya mwaka wa fedha unaofuata, na masika hayasubiri mwaka wa fedha. Tukaanza kumfuatilia mbunge. Mbunge wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa maneno machache, anayesifika kwa kufika mwenyewe mahali badala ya kutuma watu. Nilikwenda ofisini kwake mara nyingi kiasi kwamba mlinzi akawa ananiuliza habari za mjukuu wangu. Hatimaye mwanzoni mwa mwaka, shule zilipokuwa zimefunguliwa, tukaambiwa mheshimiwa atatembelea shule kadhaa, yetu ikiwamo, ndipo aamue fedha ziende wapi.

Kamati ikakutana kupanga mapokezi. Mama wa supu alisema kwa sauti ya kawaida tu kwamba hakuna cha kupanga. Mgeni apelekwe moja kwa moja kwenye ufa, mkono wake uingie, mambo yaishe.

Nilimwambia hivyo sivyo. Mimi ni mtu wa pwani, na kwetu mgeni hapitishwi uani kabla hajakaribishwa barazani. Nikaeleza kwamba kiongozi akikuta uchafu atadhani wazazi wa Kariakoo hawajali, na nani ampe fedha mtu asiyejali? Tuonyeshe heshima kwanza, nayo heshima itazaa msaada. Wanaume wenzangu waliitikia kwa vichwa.

Mama yule akanigeukia. "Mzee mwenyekiti," akasema, "mficha uchi hazai."

Watu wakaangua kicheko. Nami, badala ya kuyapima maneno, niliona nimevuliwa nguo na mwanamke aliye rika la binti yangu. Nikamgeukia mwalimu mkuu nikitafuta wa kunisaidia. Mwalimu alikuwa amehamishiwa kwetu si muda mrefu, na alijua kwamba mwalimu anayeiaibisha halmashauri mbele ya mbunge anaweza kuamka na barua ya uhamisho kwenda asikokujua. Akasema, huku akitazama meza, kwamba pengine mzee anajua zaidi mambo ya wageni. Basi nikapewa kazi.

Niliifanya kama harusi. Vijana wangu wa dukani walitundika vitambaa vyeupe kutoka darini hadi sakafuni, tukavikunja mikunjo sawasawa, tukapitisha utepe wa dhahabu juu. Ufa ukatoweka. Nilitandika zulia jekundu kutoka getini. Madawati mazima tuliyakusanya kutoka vyumba vyote tukayaweka kwenye chumba hicho cha ufa, na mabovu tukayarundika stoo. Kwa kuwa chumba kile kikiwa na watoto wake wote hakuna pa kuweka mguu, niliagiza madarasa ya kwanza na ya pili wapumzike siku hiyo, tukachukua wanafunzi wachache wa madarasa ya juu wenye sare nzima, wakakaa wawili wawili.

Risala niliiandika mwenyewe. Aliyesoma risala katika nchi hii anajua inavyokwenda: shukrani, kisha mafanikio, kisha changamoto, kisha shukrani tena. Mafanikio niliyajaza. Kwenye changamoto nikaandika kwamba baadhi ya majengo yana umri mkubwa na yanahitaji kuangaliwa. Niliona ni lugha ya adabu. Mtu mzima hupewa kidokezo akaelewa.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa getini, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Mama wa supu akaja na binti yake amemshika mkono, mtoto kavaa sare.

Nilimwambia kwamba wadogo leo hawaji.

"Leo sikukuu gani?"

Nikamwambia ni mapokezi tu, kesho watarudi.

"Chumba ni chao, mzee. Ndio unaowaficha?"

Nyuma yangu kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, na diwani alikuwa amepiga simu kwamba msafara umeshavuka Mnazi Mmoja. Nilimwambia neno ambalo ningelipa chochote kulirudisha. Nilimwambia aende kwenye sufuria lake asituharibie shughuli. Alimkaza mtoto mkono. Ila mtoto alikuwa amenikazia macho mdomoni. Kwa hali yake anasoma midomo ya watu, na nadhani aliyaelewa maneno yale vizuri kuliko kama angeyasikia. Wakageuka, wakaondoka.

Mheshimiwa alifika pamoja na diwani, afisa elimu na vijana wa kupiga picha. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamwongoza juu ya zulia. Watoto waliimba, wakasema ngonjera, naye akatabasamu. Tukaingia darasani. Nilimpa kiti kilichovikwa kitambaa, mbali na ukuta ule, na mwalimu mkuu akaanza kusoma risala yangu.

Hapo ndipo upepo ulipoingia. Ufa ulikuwa umepasua ukuta mpaka nje, na upepo wa uchochoroni ulikuwa unapenya na kukisukuma kitambaa kutoka nyuma. Kikajaa kama tumbo, kikashuka, kikajaa tena. Hakuna aliyekuwa anaangalia isipokuwa mimi na mwalimu, ambaye alirudia mstari uleule mara mbili kwenye sehemu ya mafanikio. Nilisogea taratibu nikaegemea ukuta, nikakibana kitambaa kwa mgongo. Nikasikia ubaridi wa upepo unaingia kwenye kanzu, na mchanga wa tofali unamwagika shingoni, punje kwa punje. Kila nilipopumua ulimwagika zaidi. Nikajizuia kupumua kwa nguvu.

Mheshimiwa akaniona. Akauliza mbona mzee amesimama, apewe kiti. Nikasema nimezoea kusimama.

Risala ilipoisha aliinuka akazungumza. Alisema amezunguka shule nyingi na hajaona wazazi wanaojitambua kama wa hapa. Alisifu usafi, alisifu utulivu wa darasa. Sitaficha: nilifurahi. Nilikuwa nimeuegemea ule ufa, mchanga unaniteremka mgongoni, na bado nilifurahi kusifiwa. Kisha akafunga daftari lake, akanigeukia mimi, si mwalimu.

"Mzee, niambie mwenyewe. Hakuna jambo la haraka hapa?"

Aliniuliza waziwazi, kwa Kiswahili chepesi, mbele ya watu. Nami nilijibu kama mtu aliyeulizwa habari za nyumbani. Sisi tukiulizwa hali, hata kama kuna maiti ndani, kwanza tunasema nzuri. "Changamoto hazikosekani, mheshimiwa," nikasema, "lakini tunamshukuru Mungu."

Akaitikia kwamba tumshukuru Mungu. Nilikuwa nasubiri aulize mara ya pili, maana kwetu swali la kweli ni la pili. Hakuuliza. Wakapiga picha mbele ya vitambaa vyangu, wakala pilau, wakaondoka.

Baada ya muda tukapata habari kwamba fedha za mfuko wa jimbo zimekwenda shule ya ng'ambo. Mwenyekiti wa kule, mchuuzi wa samaki ninayemfahamu, hakuweka zulia wala kwaya. Inasemekana alimpokea mheshimiwa getini, akamwomba radhi, akampeleka chooni ajionee hali yake, kisha akamwingiza kwenye darasa ambalo watoto walikuwa wamekaa chini mpaka mlangoni. Picha za shule yetu zilikuwa zimeenea kwenye simu za watu zikiwa na maneno "shule ya mfano," na wateja wakanipigia simu wakitaka mapambo kama yale.

Afisa elimu naye akamwambia mwalimu mkuu kwamba jambo limekuwa jepesi. Wenzetu wanaongezewa vyumba, hivyo mvua zikianza watoto wetu wadogo wavushwe kwenda kule.

Mama wa supu alinifuata dukani. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele, nikawatoa vijana nje. Hakupiga kelele. Alisimama kati ya marobota akavishika vitambaa vyangu kwa vidole, kama mnunuzi.

"Baba," akasema, "hebu nielekeze. Mwanangu atavuka Msimbazi kwa sikio lipi?"

Nilimwambia nitakwenda kwa mheshimiwa kumweleza ukweli. Akasema tutakwenda wote, maana peke yangu nitamshukuru Mungu tena.

Tulikwenda. Tulikaa kwenye benchi la ofisi ya mbunge pamoja na watu wengi wenye shida zao, yeye akinuka moshi na tangawizi, mimi nikijipangia maneno. Nilikuwa nimeandaa utangulizi mrefu. Tulipoingia, mheshimiwa alinitambua mara moja, akasema shikamoo mzee wa zulia jekundu, na msaidizi wake akacheka. Nikaanza utangulizi wangu. Mama wa supu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Basi nikasema. Kwamba nyuma ya vitambaa kulikuwa na ufa wa kuingia kiganja. Kwamba watoto wa chumba kile niliwafukuza siku ile. Kwamba madawati yalikusanywa. Kwamba nilisimama ukutani ili kitambaa kisipepee.

Mheshimiwa akachukua simu yake, akaitelezesha, akanionyesha picha: yeye, mimi, mwalimu, na nyuma yetu nyeupe na dhahabu.

"Nimesimama mbele ya baraza la madiwani nikasema shule hii ni mfano," akasema. "Leo nisimame niseme nini? Kwamba sina macho?"

Nikamwambia aseme mwenyekiti alimdanganya.

"Nilikuuliza, mzee. Nilikuuliza wewe, kwa kinywa changu."

Nilikubali kwamba aliniuliza. Mheshimiwa alieleza kwamba mfuko wa jimbo umekwisha kugawiwa na hawezi kumnyang'anya mwenzetu aliyesema kweli. Kilichobaki ni bajeti ya halmashauri, na kamati ya madiwani ilikuwa karibu kuifunga. Yeye kama mbunge anaingia kwenye baraza, anaweza kuomba shule yetu isikilizwe, lakini hatasema maneno hayo kwa niaba yangu. "Uje uyaseme mwenyewe," akasema. "Vilevile ulivyoyasema hapa. Bila risala."

Ndipo mama wa supu alipozungumza kwa mara ya kwanza, akauliza kama masika yatasubiri hiyo bajeti. Mheshimiwa alimtazama, akasema hapana. Hakumdanganya. Jengo likisemwa barazani lilivyo, litafungwa mara moja, na fedha zitakuja baadaye, kama zitakuja.

Tukiwa njiani nilimwuliza mama yule kama bado anataka niende. Maana nikinyamaza, huenda watoto wangebaki kwenye chumba kile wiki kadhaa zaidi, binti yake akiwa machoni pake. Nikisema, kesho yake angevuka barabara. Tulipofika penye maduka ya vyombo akasema, "Barabara naiona. Ukuta siuoni utaanguka lini."

Nilikwenda. Chumba cha mkutano kilikuwa na kiyoyozi na madiwani wengi wao wananijua. Karibu kila mmoja nimempambia shughuli fulani, harusi au arobaini au ya kuapishwa. Nilipomaliza maneno yangu, ambayo hayakuwa mengi, mmoja wao, rafiki yangu wa siku nyingi, akaegemea nyuma.

"Mzee, na kwenye ile harusi ya binti yangu ulifunika nini?"

Walicheka, wengine mpaka wakapiga meza. Nilicheka nao kidogo, kwa kuwa ningefanya nini? Mwingine akauliza kwa hasira kama tunadhani halmashauri ni ukumbi wa maigizo, leo shule ya mfano, kesho shule ya kuanguka, na akataka mwalimu mkuu ajieleze. Nikasimama tena bila kuruhusiwa. Nikasema mwalimu hakuamua lolote, alisoma nilichoandika. Mwenyekiti wa kikao aliniamuru nikae. Nikaona dhahiri kwamba tunaelekea kukosa, na kwamba kukosa kwenyewe kungekuwa adhabu yangu iliyowaangukia watoto.

Ndipo mheshimiwa alipoomba nafasi, akasema yeye aliingia chumba kile, akakaa hatua chache kutoka kwenye ufa, akasifu. Kama ni aibu, na yeye anayo sehemu yake. Akapendekeza kamati iende shule ile kesho asubuhi bila kumwarifu mtu, na kwamba mzee asikaribie lango kabla yao. Hapo wakacheka tena, lakini kicheko kingine, wakakubali.

Sikukaribia lango. Nilikaa kwenye benchi la mama wa supu, mtu ambaye tangu siku ya mapokezi alikuwa haniuzii, nikawaona wakiingia. Walipotoka, yule rafiki yangu diwani alikuwa na vumbi la tofali kwenye mkono wa suti mpaka karibu na kiwiko. Alipita mbele yangu bila kunisalimu.

Jengo likaingizwa kwenye bajeti. Siku hiyohiyo mhandisi akalifunga kwa utepe na mbao, na wiki iliyofuata, kabla hata ya tone la kwanza la mvua, watoto wa darasa la kwanza na la pili wakaanza kwenda ng'ambo.

Mwalimu mkuu aliandikiwa barua ya kujieleza. Nilikwenda kwa afisa elimu kumtetea, na hakuhamishwa. Bado ni mwalimu wetu mkuu. Ila haniiti tena pembeni kuniuliza maoni, na mwaka ulipoisha nilijiuzulu uenyekiti kabla sijaombwa. Dukani pia wateja walipungua. Mtu hapendi kupambiwa na aliyetangaza mbele ya kikao anavyofunika kuta.

Kuhusu barabara, sikushauriana na mtu. Asubuhi ya kwanza nilivaa koti la njano la vijana wangu wa kufunga maturubai, nikachukua fimbo, nikaenda kwenye benchi la supu. Nilimwambia mama kwamba nimekuja kumvusha mtoto, na wengine watakaokuwapo. Aliendelea kukoroga sufuria. Binti alinitazama mdomo, akamtazama mama yake, akasubiri. Mama akamsogezea begi.

Ukingoni mwa Msimbazi mtoto hakutaka kunishika mkono. Sikumlazimisha. Nilisimama upande wa sikio lisilosikia kabisa, maana huko ndiko hatari ingemjia bila yeye kujua, na wenzake wakajipanga nyuma. Tulipofika katikati, baada ya njia ya mwendokasi, guta lililojaa ndoo za plastiki likatokea kwa kasi kutoka upande wa Gerezani, dereva akipiga mluzi na kelele. Watoto wote waliruka. Yeye aliendelea kutembea. Nilinyoosha fimbo mbele yake, ikamgonga kifuani, naye akasimama. Guta likapita karibu kiasi kwamba ndoo moja ilinikwaruza bega. Dereva alinitukania mama yangu. Mtoto akageuka kunitazama kwa hasira, kwa sababu ya fimbo. Guta alikuwa bado hajaliona. Kisha akaliona likiondoka. Akashika upindo wa koti langu, akashikilia mpaka tulipofika ng'ambo.

Niliporudi nilikaa kwenye benchi. Mama wa supu alikuwa amesimama mwisho wa uchochoro, mahali ambapo barabara inaonekana, na mwiko bado mkononi. Wateja walikuwa wanamwita. Sijui aliona kiasi gani. Alirudi, akawahudumia mmoja mmoja, kisha akaweka bakuli mbele yangu, la kwanza tangu tulipokosana.

"Kesho usichelewe," akasema.

Ninapoandika haya msingi wa jengo jipya umechimbwa na nondo zimesimama, lakini masika mengine yamekaribia na bado halijaezekwa. Kila asubuhi ninavaa koti la njano. Vijana wa dukani wanasema nimekuwa trafiki uzeeni. Magoti yangu yananiambia kwamba siwezi kufanya hivi kwa miaka mingi, na kila nikikutana na mheshimiwa au diwani yeyote namwuliza paa litakuja lini. Wakinijibu kwamba mambo yanakwenda vizuri, nauliza mara ya pili.